Umeachishwa kazi Tanzania Bara? Fanya hivi kabla siku 30 hazijaisha

“Bosi ameniambia nisije tena kesho. Nina haki gani?” Swali hili linaulizwa na dada wa kazi za ndani, mlinzi, mwalimu wa shule binafsi, na keshia aliyeambiwa ana shoti. Wengi wanaliuliza mwezi wa tatu tangu waachishwe, baada ya kupigwa kalenda na ofisi: njoo Ijumaa, njoo mwisho wa mwezi, mhasibu amesafiri. Kufikia hapo mlango wa kulalamika umeshafungwa.

Kwa hiyo shika hili kwanza: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Hizo ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo.

Mwongozo huu ni wa walioajiriwa Tanzania Bara katika sekta binafsi, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 (Sura 366). Zanzibar wana sheria yao, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Mtumishi wa umma naye hulazimika kumaliza kwanza ngazi za rufaa zilizo ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Askari wa jeshi, polisi na magereza sheria hii haiwahusu.

Kabla ya hatua: umeondokaje?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua unadai nini.

Mwajiri anaweza kukuachisha kwa sababu ya utovu wa nidhamu, kwa kushindwa kazi (utendaji au afya), kwa kutopatana na wenzako kazini, au kwa mahitaji ya kiuendeshaji, ambayo mtaani tunaita kupunguzwa. Katika zote hizo anatakiwa kuwa na vitu viwili kwa pamoja: sababu ya kweli na utaratibu wa haki. Akiwa na sababu nzuri lakini amekufukuza bila kukusikiliza, bado amekosea. Akikuitia kikao kizuri chenye chai na mihtasari lakini hana sababu, amekosea pia.

Zipo sababu ambazo haziwi halali hata siku moja: ujauzito, ulemavu, kujiunga na chama cha wafanyakazi, kushiriki mgomo halali, au kudai haki ambayo sheria imekupa.

Yapo pia mambo ambayo sura yake si ya kufukuzwa lakini sheria inayahesabu kuwa kuachishwa. Umejiuzulu kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira ya kazi yasivumilike. Umetoka likizo ya uzazi ukakuta nafasi yako imefungwa. Mkataba wako wa muda maalumu haukuhuishwa ilhali mwajiri alikupa sababu za msingi za kutegemea kwamba utahuishwa. Angalia hilo la mwisho: mkataba kuisha tarehe yake si kufukuzwa. Lazima uonyeshe kilichokufanya utegemee mwingine, kwa mfano barua, ujumbe, ratiba ya kazi ya mwaka unaofuata, au mazoea ya kuhuisha kila mwaka. “Nilidhani tu” haitoshi.

Kama ulifanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6, madai ya kuachishwa isivyo halali hayakuhusu. Mshahara wa siku ulizofanya kazi na stahili nyingine za mkataba unadai kama kawaida.

Vitu vya kuwa navyo

Usisubiri viwe kamili ndipo uanze. Kusanya unavyoweza:

- mkataba wa ajira au barua ya ajira
- salari slipu, au taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha mshahara ukiingia
- kitambulisho cha kazi, sare, picha ukiwa kazini, daftari la mahudhurio
- barua zote za maonyo, za kujieleza, za kusimamishwa, za wito wa kikao
- barua ya kuachishwa, kama ipo
- jumbe za WhatsApp na SMS kati yako na msimamizi (usizifute, na usibadilishe simu kabla hujazihifadhi mahali pengine)
- taarifa ya michango yako ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii
- majina ya wenzako wawili watatu walio tayari kusema walichokiona

Kama bado hujatolewa getini na unaona upepo unabadilika, piga picha nyaraka zako leo. Nazungumzia zinazokuhusu wewe. Ukibeba mafaili ya wateja au siri za biashara umempa mwajiri kosa la bure la kukufukuzia.

Hatua ya 1: Pata tarehe kwa maandishi

Notisi ya kuachisha kazi inatakiwa iwe ya maandishi, ieleze sababu na tarehe iliyotolewa. Kwa vitendo, wengi hufukuzwa kwa mdomo, na hapo ndipo mtego ulipo. Unaambiwa usije, unakaa nyumbani, wiki mbili baadaye ofisi inaandika kwamba umetoroka kazini. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya kueleweka ni kosa linaloweza kukuachisha kazi. Ukifika CMA utakuta faili limeshapangwa: barua za kukutafuta, zilizoandikwa siku ambazo wewe ulikuwa kwako ukisubiri kuitwa.

Siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, tuma ujumbe kwa msimamizi wako au kwa ofisi ya rasilimali watu. Maneno yatosha haya:

“Leo tarehe 4 mwezi huu, saa 3 asubuhi, nimeelezwa na meneja wa tawi kwamba ajira yangu imesitishwa na nisifike tena kazini. Niko tayari kuendelea na kazi. Naomba nipatiwe uamuzi huo na sababu zake kwa maandishi.”

Usitukane, usibembeleze, usieleze historia yote. Sentensi ya “niko tayari kuendelea na kazi” usiiache, maana ndiyo inayoua hoja ya utoro. Kama unaweza, nenda getini kesho yake ukiwa na shahidi, uzuiwe kuingia mbele yake.

Hatua ya 2: Usisaini kitu usichokielewa

Karatasi tatu hupita mbele ya mfanyakazi siku ya mwisho.

Ya kwanza ni ya kupokea barua. Hiyo saini, ukiandika chini yake “nimepokea, sikubaliani na yaliyomo” na tarehe. Kukataa kupokea hakukusaidii kitu. Siku zinaanza kuhesabika hivyohivyo, na barua huna.

Ya pili ni ya malipo, yenye kifungu kama “nimelipwa stahili zangu zote na sina madai mengine.” Hii isome mara mbili. Pesa zikiwa pungufu na ukasaini hivyo, umejifunga mikono. Omba uandike kwa kalamu “nimepokea malipo haya kama sehemu ya stahili zangu.” Wakikataa, omba nakala uende nayo nyumbani ukaisome. Anayekuambia “saini sasa hivi au hakuna pesa” anajua kwa nini ana haraka.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: “Andika tu barua ya kuacha kazi mwenyewe, usichafue jina, tutakuandikia sifa nzuri.” Ukiandika kwa mkono wako kwamba umeacha kazi kwa hiari, kiinua mgongo hakuna, fao la NSSF la kukosa ajira hakuna, na mbele ya CMA mzigo unakugeukia wewe, uthibitishe kwamba ulilazimishwa. Kwa kawaida mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Usimpe zawadi hiyo. Kama kweli mazingira yamekushinda na unaondoka, andika sababu hizo ndani ya barua yenyewe: mishahara ya miezi fulani haijalipwa, nilitukanwa tarehe fulani, nililalamika tarehe fulani sikujibiwa. Barua ya “kwa sababu binafsi” ikishatoka, ni vigumu kuirudisha.

Hatua ya 3: Kama umeitwa kikao cha nidhamu, nenda

Wapo wanaosusa kwa hasira. Ukisusa, kikao kitaendelea bila wewe na mwajiri atasema alikupa nafasi.

Taratibu za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinakupa haya: uchunguzi ufanyike kwanza, uelezwe tuhuma kwa maandishi na kwa lugha unayoielewa, upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, uwe na mwenzako wa kazini au kiongozi wa chama wa kukusaidia, kikao kiongozwe na mtu ambaye hakuhusika na tukio, uruhusiwe kuuliza mashahidi na kuleta wako. Ukitiwa hatiani, upewe nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu: muda uliotumikia, rekodi yako safi, mazingira ya tukio. Halafu upewe uamuzi na sababu zake, pamoja na kuelezwa haki ya rufaa.

Andika mwenyewe yanayosemwa. Muhtasari wa ofisi ukiletwa usaini, soma kila ukurasa na kila uliposemewa usichosema, andika pembeni. Wito uliopewa jioni kwa kikao cha kesho asubuhi, utunze. Karatasi hiyo peke yake inaonyesha kwamba saa 48 hazikutimia.

Kwa waliopunguzwa hakuna kikao cha nidhamu, kuna mashauriano. Mwajiri anatakiwa kutoa notisi ya nia ya kupunguza mapema, kutoa taarifa zinazohusika, na kujadiliana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama, kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Kuitwa ukumbini Ijumaa na kukabidhiwa bahasha si mashauriano.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya stahili zako

Fanya hesabu hii mwenyewe kabla ya kuona ya mhasibu. Ajira ikikoma, mwajiri anatakiwa kulipa:

*Mshahara wa siku ulizofanya kazi* na ambao haujalipwa. Huu haupotei hata kama umefukuzwa kwa wizi.

*Notisi.* Anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Ukiachishwa ndani ya mwezi wako wa kwanza kazini, ni siku 7. Mkataba unaweza kuongeza, haupunguzi. Mwajiri akitaka uondoke leo, alipe pesa badala ya notisi. Notisi haitolewi ukiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo, kwa hiyo ile janja ya “anza likizo, ikiisha na notisi imeisha” haikubaliki. Sheria inakata pande zote: wewe nawe ukiacha kazi bila kutumikia notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi hicho kwenye pesa zako za mwisho.

*Likizo.* Mzunguko wa likizo ni miezi 12 na likizo yenyewe siku 28 mfululizo. Ile ambayo hukuchukua unalipwa, na kwa mzunguko ambao haujakamilika unalipwa siku 1 kwa kila siku 13 ulizofanya kazi.

*Kiinua mgongo.* Mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, ukiwa umetumikia angalau miezi 12 mfululizo. Hakilipwi kama umeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, mkataba ukiisha kwa muda wake, au ukikataa bila sababu ya maana kazi mbadala uliyopewa. Wengi hukichanganya na mafao ya NSSF. Hivi ni vitu viwili: kiinua mgongo kinatoka mfukoni mwa mwajiri, na kuchangiwa NSSF hakukifuti.

*Usafiri.* Kama uliajiriwa Mwanza na ajira imekoma Dar es Salaam, mwajiri akurudishe na mizigo yako ulikoajiriwa, au akulipe gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Stahili hii husahaulika sana, na kwa mtu wa mikoani inaweza kuzidi nyingine zote mwajiri anapochelewesha nauli.

*Cheti cha utumishi.* Hiki hakina bei, ila ni lazima upewe. Si cha hisani.

Mfano. Una mshahara wa msingi wa Sh 390,000 kwa mwezi, unafanya kazi siku 6 kwa wiki. Gawanya kwa 26, unapata Sh 15,000 kwa siku. Umetumikia miaka 4 na miezi 3, umepunguzwa mwisho wa mwezi bila notisi, likizo za nyuma ulichukua zote.

- Mshahara wa mwezi huu: Sh 390,000
- Notisi (siku 28, hapa tumeihesabu kama mwezi mmoja): Sh 390,000
- Kiinua mgongo: siku 7 × Sh 15,000 × miaka 4 = Sh 420,000
- Likizo ya miezi 3: siku 78 za kazi ÷ 13 = siku 6 × Sh 15,000 = Sh 90,000

Jumla ni Sh 1,290,000, nauli bado. Ile miezi 3 ya ziada haiingii kwenye kiinua mgongo, kwa kuwa ni miaka iliyokamilika tu inayohesabiwa. Usiiweke ukidhani utabahatisha.

Hatua ya 5: Dai kwa barua, ila usiisubiri barua

Andika barua fupi yenye hesabu yako, mpe mwajiri siku 7 ajibu, na baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama kuna tawi la chama chako, TUICO kwa viwandani na madukani, CHODAWU kwa mahotelini na majumbani, pitia kwa katibu wa tawi. Simu moja ya chama wakati mwingine hufanya kazi ya barua kumi.

Lakini kalenda inaendelea kutembea. Kama kazini kwenu kuna utaratibu rasmi wa rufaa na umeutumia, siku 30 huhesabiwa tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Kama hakuna rufaa rasmi na mnaongea tu, zinahesabiwa tangu siku uliyoachishwa, na maongezi hayazisimamishi. Mimi ningeweka kikomo siku ya 15. Ikifika hujalipwa, nenda CMA. Kufungua shauri hakuzuii kupatana, na waajiri wengi hupata mhasibu wao aliyepotea mara tu wito unapofika.

Hatua ya 6: Jaza fomu CMA F1

Nenda ofisi ya CMA ya eneo ambako mgogoro umetokea. Kufungua shauri hakuna ada. Mtu wa nje ya geti anayekuuzia fomu au kukuahidi “kukusukumia faili” mpite.

Fomu ni fupi, na ndiyo maana watu huijaza kwa haraka wakajuta. Yashughulikie haya:

1. Jina la mwajiri liwe la kisheria. Andika kampuni kama lilivyo kwenye mkataba au salari slipu. Jina la bango la dukani au jina la meneja havitoshi. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, iliyotolewa dhidi ya jina lisilokuwepo haitekelezeki.
2. Aina ya mgogoro. Weka alama kwenye kuachishwa kazi kama ndilo dai lako. Anayedai mishahara au stahili peke yake ana siku 60, lakini usijifariji na 60 kama unalalamikia na kufukuzwa.
3. Tarehe mgogoro ulipotokea. Iwe ileile iliyo kwenye barua au ujumbe wako wa Hatua ya 1. Kutofautiana hapa kumeua mashauri mengi.
4. Unachoomba. Kurudishwa kazini, kuajiriwa upya, au fidia. Andika kila dai na kiasi chake: fidia, notisi, likizo, kiinua mgongo, nauli na posho, cheti. Ambacho hakimo kwenye fomu ni vigumu sana kukidai baadaye. Sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, kwa hiyo usinakili kiwango cha fidia kutoka kwenye kesi ya jirani ya miaka iliyopita. Uliza hapohapo dirishani kilichopo sasa.
5. Sehemu B. Hii ni ya walioachishwa kazi tu, inauliza kuhusu sababu na utaratibu. Jaza zote mbili. Ukiiacha wazi, unampa mwajiri pingamizi la kuanzia.

Kisha peleka nakala kwa mwajiri, isainiwe au igongwe muhuri, na uwasilishe CMA uthibitisho kwamba ameipokea.

Hatua ya 7: Usuluhishi, halafu uamuzi

Kwanza mnakutana mbele ya msuluhishi, ndani ya siku 30 tangu shauri lifunguliwe, isipokuwa mkubaliane kuongeza. Msuluhishi hahukumu, anawasaidia mpatane, na mnayosema pale hayatumiki kuwa ushahidi baadaye. Usikose siku hiyo. Mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kufutwa.

Ingia ukiwa na namba mbili kichwani: unayoomba, na ile ambayo ukipewa leo utakubali. Wenye namba moja tu hukaa miezi mingi wakisubiri tofauti ndogo. Mkikubaliana, hakikisha makubaliano yana kiasi, tarehe ya kulipa, na njia ya malipo. Yakishasainiwa yana nguvu kama amri ya mahakama.

Msiposuluhika, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Hapa ni ushahidi. Mwajiri ndiye huanza, kwa kuwa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama, wakili, au mtu uliyemchagua. Leta nyaraka zako na mashahidi uliowaandika mwanzoni. Tuzo inatakiwa itolewe ndani ya siku 30 baada ya kusikilizwa kukamilika. Asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Hatua ya 8: NSSF

Hii usiichanganye na kesi, inakwenda peke yake. Kama umechangia angalau miezi 18, hujafikisha miaka 55, hukuacha kazi kwa hiari na hujapata nyingine, uliza fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi 6. Utahitaji barua ya kuachishwa kazi. Ndiyo, ile waliyotaka nafasi yake ichukuliwe na barua ya kujiuzulu uliyoiandika mwenyewe.

Ukikwama

*Siku 30 zimepita.* Jaza fomu CMA F2 kuomba uongezewe muda, pamoja na kiapo, ukieleza umechelewa kiasi gani, kwa nini, na kwa nini shauri lako lina mashiko. Ugonjwa wenye vyeti vya hospitali unaeleweka. “Nilikuwa naongea na mwajiri” mara nyingi hakutoshi. Kila siku ya kuchelewa inatakiwa kuelezwa, kwa hiyo usiongeze nyingine.

*Sikuwa na mkataba wa maandishi.* Wewe bado ni mfanyakazi. Kuandika maelezo ya ajira ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaleta, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti mnayobishania. Walioitwa vibarua miaka nenda rudi nao waangalie hali yao halisi: kama kwa miezi 3 iliyopita umemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi, sheria inaanza kwa kukuchukulia kuwa mwajiriwa wake, mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

*Mimi ni dada wa kazi.* Sheria ni hiyohiyo. Majirani, mlinzi wa getini na miamala ya simu ndio ushahidi wako. Kama uliletwa mjini kutoka kijijini na mwajiri huyo, nauli ya kurudi na posho ya kusubiri vidai kwa jina.

*Mwajiri amegoma kupokea fomu.* Usigombane getini. Itume kwa posta ya rejista, hifadhi risiti, na uieleze CMA.

*Wananikata shoti kwenye mafao.* Kabla ya kukata hasara, mwajiri anatakiwa akupe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokokotoa, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kuandikiwa deni siku ya kuondoka na kuambiwa mmemalizana hakufuati lolote kati ya hayo.

*Michango ya NSSF haikupelekwa.* Peleka salari slipu zinazoonyesha makato kwenye ofisi ya NSSF iliyo karibu. Wao ndio wenye mamlaka ya kumfuata mwajiri, pamoja na adhabu ya kuchelewesha.

*Nimeshinda, halipi.* Tuzo haijilipishi. Omba utekelezaji Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ambako inatekelezwa kama hukumu ya mahakama, ikiwemo kukamata mali au akaunti. Hapo utaulizwa mwajiri ana benki gani na mali gani. Angalia mshahara wako ulikuwa unatoka akaunti ipi, na uandike namba za magari ya kampuni ukingali unayaona.